Mwaka Tuliokivunja Kichuguu

Tulimzika Mama Ngoie mwanzoni mwa kiangazi, asubuhi ya baridi na upepo wenye vumbi. Ulipofika wakati wa kutupa udongo kaburini, mjukuu wake, msichana wa chuo kikuu aliyevaa viatu vyeupe, alichota konzi yake, akasimama nayo kando yangu na kuninong'oneza: "Kambo, minatupa yote ao minabakisha kidogo?" Kambo, kwetu Lubumbashi, ni bibi au babu. Nilimwambia atupe yote. Akatupa, kisha akapangusa viganja polepole, kama mtu asiye na hakika kama ameruhusiwa kupangusa. Niliporudi kwangu Makomeno nilikaa kitini bila kuvua kitambaa cha kichwani, nikiliwaza swali lake. Nimefundisha jiografia kwa miaka mingi. Nimeandika ubaoni udongo, ardhi, nchi, dunia, nikaeleza kila neno na mipaka yake, na wanafunzi wangu, wengi wao, walinielewa. Lakini mimi mwenyewe sikuyapata maneno hayo shuleni. Niliyapata katika mwaka mmoja, nchi hii ilipokuwa ikiitwa Zaire na jimbo letu likiitwa Shaba, nilipokuwa msichana wa miaka kumi na saba nikiishi kwa Mama Ngoie, dada mkubwa wa mama yangu, katika nyumba ya kampuni ambayo ilibidi tuiache kabla ya mvua.

Kwa nini niliishi kwake na si kwa wazazi wangu ni habari ndefu, na haina kazi hapa. Nyumba ilikuwa na vyumba viwili na jiko la nje. Ukuta uliogawa vyumba haukufika kwenye mabati, kwa hiyo mtu akikohoa upande mmoja, wa upande wa pili alimwambia pole. Mimi nililala chumba cha mbele, kati ya cherehani na kiti kikubwa cha mbao cha Baba Banza, mume wa Mama Ngoie, aliyekufa mwishoni mwa masika kwa homa iliyomchukua kwa muda mfupi. Baba Banza alikuwa mfanyakazi wa tanuri za kuyeyushia shaba. Kwake yeye udongo ulikuwa kitu kinachofika kwa mabehewa ya treni, kinaingia motoni, kinatoka chuma chekundu, na kinachobaki kinamwagwa kwenye kile kilima cheusi kinachoonekana kutoka kila mtaa wa mji huu. Alikuwa akirudi jioni, ananawa mara mbili, anakula bukari, yaani ugali, na sombe, mboga ya majani ya mihogo, bila haraka, kisha anatuambia, "Leo tulikula udongo mingi," akimaanisha kazi. Alipokufa, watu wa kampuni walikuja kwa heshima, wakamwambia mjane akae hadi mvua za kwanza. Baada ya hapo nyumba ingepewa mfanyakazi mwingine. Hivyo ndivyo ilivyokuwa kwa kila mtu, wala hakuna aliyeona ajabu.

Kulikuwa na kiwanja. Baba Banza alikuwa amekipata nje kidogo ya Katuba, mahali ambapo mji ulikuwa bado unajiuliza kama uendelee au uishie. Watu kadhaa walikuwa wamekikataa kabla yake kwa sababu katikati yake kilisimama kichuguu kikubwa kuliko nyumba, na miti miwili midogo imeota juu yake. Kwa wasiovijua vichuguu vya Katanga, nieleze kidogo: ni milima iliyojengwa na mchwa kwa muda mrefu kuliko umri wa mtu yeyote, na udongo wake ni mzito, unashikana, unafaa matofali kuliko udongo mwekundu wa kawaida. Mwenye haraka anaona usumbufu wa kuubomoa. Mama Ngoie alinisimulia kwamba siku ya kwanza kumpeleka pale, mumewe alikizunguka kichuguu akicheka peke yake, akasema, "Bantu banaona kilima. Mi minaona nyumba yenye haiyasimama bado."

Basi Mama Ngoie alitaka nyumba ile isimame. Kilichomzuia hakikuwa udongo wala jembe. Alikuwa mjane ambaye bado hajaachiliwa. Kampuni ilimwita mjane, padri alimwita mjane, ofisi ya zoni, yaani ya wilaya, ilimwita sitwayeni mjane, yaani raia mjane, lakini kwa ukoo wa mumewe, watu wa kule Mitwaba, alikuwa bado mke. Alivaa kikwembe cheusi, hakusuka nywele, hakumshika mkono mtu katika salamu. Hali hiyo ingekwisha siku ambayo ndugu wa marehemu angempaka pemba, ule udongo mweupe laini, kwenye paji la uso na mikononi, na kutamka mbele ya watu kwamba yuko huru. Bila pemba asingeweza kuhama, kujenga, wala kuanza lolote lake mwenyewe. Na alijua, na majirani wote walijua, kwamba ndugu wa marehemu angeweza pia kuja na neno lingine: mwanamke arudi Mitwaba, awe mke wa mdogo wa marehemu. Mama Ngoie alikuwa ameishi Lubumbashi tangu ujana wake. Wateja wake wa cherehani walikuwa hapa, na watoto wake wawili walikuwa shule ya msingi hapa. Alikuwa akiisikiliza njia ya Mitwaba kama mtu anayesikiliza mlango.

Hakungoja. Shule zilipofungwa, tukaanza kwenda kiwanjani kila asubuhi na majembe, dumu za maji na kibao cha kufyatulia matofali. Majirani waliguna. Mjane hachezei udongo kabla ya matanga kumalizika, walisema, na walisema kwa sauti ya kutosha. Matofali yetu ya kwanza yalipasuka yote, yakalala juani kama mikate iliyoungua, na wale waliokuwa wamesema wakapata la kusema zaidi. "Bwana yake iko anasimama ndani ya matofali," mwanamke mmoja aliyekuwa akipita na beseni kichwani alimwambia mwenzake. "Yatapasuka yote." Mama Ngoie alimsikia. Aliinama akaendelea kukanyaga matope, lakini siku ile hakuimba.

Aliyetuokoa ni Mwadi, mke kijana wa kiwanja cha pili, aliyekuwa na mimba ya kwanza na hamu kubwa ya kula udongo. Wanawake wenye mimba wengi hupata hamu hiyo, na sokoni udongo wa kula huuzwa hadi leo, umekaushwa na kupangwa kwa mafungu. Mwadi alikuwa akija kwetu kusalimia, anakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, na huku akizungumza mkono wake unamega kipande cha kichuguu, unakipeleka mdomoni.

"Mwadi," Mama Ngoie alimwambia siku moja, "unakula nyumba yangu."

"Minakula kidogo tu, Mama. Chumba ya bageni."

"Bageni balale wapi sasa?"

"Balale kwetu." Akatafuna, akakunja uso. "Lakini huu wa chini, mwenye munachimba, haiko muzuri. Iko na muchanga, unalia mu meno. Ya kule juu njo lainilaini."

Mama Ngoie alisimama na jembe mkononi, akamtazama. Kisha akapanda hadi juu ya kichuguu, akachimba, akamrushia bonge. Mwadi akalionja kwa makini, macho yamefumbwa, kama mpishi anayeonja chumvi. "Njo huu," akasema, yaani ndio huu. Tangu siku hiyo hatukufyatua tofali ambalo Mwadi hakuonja udongo wake. Tulijifunza pia kuyafunika kwa majani yakauke kivulini, badala ya kuyaacha juani. Yakaacha kupasuka. Mimi, niliyekuwa nimekaririshwa matabaka ya dunia na masista, niliona raha sana siku zile kugundua kwamba dunia ina ladha. Wanafunzi wangu wa baadaye walinishangaa nilipowapa udongo wa sehemu mbili tofauti na kuwaambia wausugue kati ya vidole, karibu na sikio, wasikie. Sikuwaambia waule, ingawa kila mwaka kulikuwa na mmoja aliyejaribu.

Jioni tulirudi kambini, kwenye nyumba za kampuni, tumechoka, tukapika kwenye mbabula, jiko la makaa, tukasikiliza redio ya jirani kupitia dirisha. Redio ilipenda kutueleza kwamba ardhi na vyote vilivyo chini yake ni mali ya taifa. Mama Ngoie alisikiliza akisonga bukari. "Ya chini ni ya taifa," alisema. "Na kichulu haiko chini, iko juu. Ya juu ni ya nani?" Watoto wake wakacheka, naye akawapa kila mmoja bonge la bukari, akiwaonya wasiyarudie maneno hayo shuleni.

Kasongo alifika tukiwa tumeanza kupanga matofali kwa ajili ya tanuri la kuyachomea. Alikuwa mdogo wake Baba Banza, mkulima wa Mitwaba, mrefu, mwenye koti la suti juu ya kaptula. Alianza kulia tangu kona ya barabara, kama inavyompasa mtu asiyewahi mazishi, na wanawake wa mstari wetu wote wakatoka kulia naye, hata wale waliokuwa wakikaanga samaki. Alipomaliza kulia, akaingia ndani na kuku mmoja hai na gunia la mihogo mikavu. Nilimsogezea kiti cha kaka yake. Akakitazama, akaketi sakafuni. Tulimpikia yule kuku na kumwekea firigisi upande wake wa sahani. Alikula kwa adabu, akanawa, ndipo akamgeukia Mama Ngoie. Wao wawili walikuwa wakiitana bulamu, yaani shemeji.

"Bulamu, bazee banituma," alisema. "Minakuya kumubeba kaka. Na weye."

Mama Ngoie aliokota makombo ya bukari mkekani, moja moja, akayaweka kwenye kiganja.

Maneno hayo yana sehemu mbili, na ile ya kwanza inahitaji maelezo. Kwa watu wa ukoo ule, mtu aliyezikwa mjini alikuwa hajafika. Mwili unaweza kubaki Lubumbashi, lakini lazima ndugu aje achukue udongo wa kaburi, upande wa kichwa, aufunge katika kitambaa cheupe na kwenda nao nyumbani, ukazikwe pale walipozikwa wazee. Ndipo kilio kinapokwisha. Tulikwenda makaburini siku iliyofuata, Kasongo, Mama Ngoie na mimi. Mama Ngoie alisimama mbali kidogo, kwa kuwa mjane ambaye hajaachiliwa haruhusiwi kuugusa udongo ule. Kasongo alivua viatu, akachuchumaa, akazungumza kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anayemwamsha mtu usingizini. "Kaka, njo mimi Kasongo. Amuka, tuende ku nyumba. Barabara iko mubaya sana, kamyo itaturusharusha, utatuvumilia." Akachota. Mama Ngoie, kule aliposimama, alifunika mdomo kwa ncha ya kikwembe, na sikujua kama alikuwa analia au alikumbuka jinsi mumewe alivyochukia safari za lori.

Nyumbani likazuka swali la mahali pa kuliweka fungu lile. Chini haliwekwi, na juu ya cherehani Kasongo alikataa. Mwishowe akaliweka kwenye kiti cha Baba Banza, chumbani mwangu, na likakaa pale siku zote za kungoja lori. Nililala kando yake bila hofu yoyote, jambo ambalo bado linanishangaza. Asubuhi tulilisalimia. Jirani mmoja, mwanamume mnene, alikuja kutoa pole akataka kukikalia kile kiti, Kasongo akamdaka mkono. "Apana, mukubwa. Pale iko mutu." Yule jirani akaruka kama aliyeungua, akaomba msamaha kwa kiti, na watoto wakakimbilia nje ili wasicheke ndani.

Lori la Mitwaba lilifika asubuhi moja na kusimama barabarani likipiga honi. Kasongo alikuwa tayari, koti limefungwa vifungo vyote. Mama Ngoie hakuwepo. Alikuwa ameondoka mapema kwenda kiwanjani bila kufungasha hata kikwembe kimoja. Kasongo aliniambia nimpeleke. Tulimkuta amepandisha nguo yake nyeusi hadi magotini, anakanyaga matope, na Mwadi ameketi juu ya ndoo yake akitafuna.

"Bulamu," Kasongo alisema, "unajenga nyumba, na muntu hayafika kwake?"

"Mvua haitanigoja."

"Kamyo pia haigoje."

Mama Ngoie aliacha kukanyaga. "Kule Mitwaba, mi nitakuwa bibi ya nani?"

Kasongo alitazama viatu vyake. "Bazee banasema yangu."

"Na weye unasema nini?"

Mwadi aliacha kutafuna ili asikie vizuri. "Mi niko na bibi," Kasongo alisema mwishowe. "Bibi yangu alinisemea: kama unarudia na ule mwanamuke, umulete na nyumba yake, sababu hii yangu haitatosha."

Mama Ngoie aligeuka, akanyoosha mkono uliojaa matope kuelekea kichuguu chote, kile ambacho hatukuwa tumemaliza hata nusu yake. "Basi njo hii nyumba yake," alisema. "Uipandishe ku kamyo."

Mwadi alicheka wa kwanza, akapaliwa na udongo. Kisha nikamwona Kasongo akijitahidi kuushikilia uso wake, akashindwa. Alicheka hadi akalazimika kukaa, na Mama Ngoie, ambaye hatukuwa tumemsikia akicheka tangu mazishi, alicheka akiwa amesimama matopeni, machozi yakimtoka. Honi ilisikika tena kwa mbali.

"Nitasema nini kwa bazee?" Kasongo aliuliza walipotulia, na sauti yake haikuwa na mzaha tena.

"Sema kamyo ilijaa."

"Siwezi kubadanganya na bongo. Kaka iko pale ku kiti, anasikia." Alitazama matofali yaliyofunikwa kwa majani. "Hizi nani anafanya?"

"Ni mimi na mutoto."

"Njo mubaya yake. Ukijenga weye, bazee batasema: anajijengea, alishatutoka. Lakini ndugu ya bwana akijenga, hii ni nyumba ya Banza. Mwanamuke mwenye anabaki mu nyumba ya Banza, hayatoka kwa Banza. Naweza kumupaka pemba na mukono yangu haitetemeke." Aliinua jani moja, akaligusa tofali kwa kidole. "Na chumba moja itakuwa ya bantu ya Mitwaba. Siku yoyote benye batakuya."

Ningependa kusema kwamba nilielewa papo hapo. Ukweli ni kwamba nilikasirika. Nilikuwa na miaka kumi na saba, nilikuwa nimebeba maji hadi mabega yakachubuka, na nilitaka akatae, nyumba iwe yake tupu. Mama Ngoie hakunitazama. Alimtazama Kasongo kwa muda mrefu, akipima jambo ambalo mimi sikuwa na mizani yake: wageni wa miaka yote ijayo, sufuria zao, wagonjwa wao watakaoletwa hospitali ya mjini, na kwa upande mwingine mlango wenye ufunguo wake. "Chumba ya nyuma," alisema. "Na batakuya na unga yao." Kasongo alikubali. Akavua viatu, akakunja koti lake na kumpa Mwadi alishike, akaingia matopeni. Aliniagiza nikimbie nikamwambie dereva aende.

Alikaa nasi kiangazi chote kilichobaki. Hakuwa fundi kuliko sisi, na tofali zake za kwanza Mwadi aliziita mito ya kulalia, lakini alikuwa na nguvu, na alikuwa na njia ya kuzungumza na kazi iliyoifanya ionekane fupi. Siku za Jumamosi tulitoka wote kwenye salongo, kufyeka na kufagia barabara kwa ajili ya taifa, na baada ya hapo tulirudi kufyatua kwa ajili yetu. Tulijenga tanuri, tukaliwasha, moshi wake ukachanganyika na moshi wa kampuni juu ya mji. Chakula kililetwa kiwanjani: bukari iliyofungwa kitambaani, mboga ya lengalenga, samaki wadogo wakavu, na kinywaji cha munkoyo, baridi, ndani ya chupa ya kijani. Mtoto wa Mwadi alizaliwa tanuri likiwa linapoa. Alikuwa msichana, na Kasongo alipomwona alisema ana rangi ya tofali lililoiva vizuri, na mama yake akalipokea hilo kama sifa.

Siku moja kuta zilipokuwa zimefika usawa wa madirisha, nilikuwa nimekaa ndani kwenye kivuli nikichambua mboga. Wao wawili walikuwa upande wa pili wa ukuta, wakipumzika. Hawakujua nipo.

"Bulamu," Kasongo alisema, "kama ungekuya Mitwaba, ningekuheshimu."

"Minajua."

"Singekuchapa. Singekunyima."

"Minajua, bulamu. Njo maana nilikuogopa. Mutu mubaya, kumukataa ni mwepesi."

Nilisikia mwiko ukigonga tofali, polepole, wa nani sijui. Nimeolewa, nimekuwa mjane mimi mwenyewe, na bado sijasikia kati ya mwanamume na mwanamke maneno ya heshima kuliko yale. Pale kivulini, na mboga magotini, hasira yangu iliondoka. Niliona kwamba wote wawili walikuwa wakijenga njia ya kuachana bila mmoja wao kuondoka mikono mitupu, na kwamba udongo peke yake ndio waliokuwa nao wa kuijengea. Wanafunzi wakiniuliza ardhi ni nini, jibu la kitabu ninalo: ni sehemu ya nchi kavu, ni mali, ina mpaka na mwenyewe. Huwa nalitoa, kwa kuwa mtihani unalitaka. Kisha nawaambia wakaulize nyumbani ni nani aliyewaruhusu wazazi wao kujenga walipojenga, na wanarudi na hadithi ambazo hakuna ramani inayoweza kuzichora.

Pemba ilipakwa asubuhi, uani, mabati yakiwa tayari juu ya vyumba viwili vya mbele. Majirani wa kambini walikuja, na wa Katuba walikuja, hata yule mwanamke wa beseni. Kasongo alikuwa amelitoa fungu la kaka yake na kulishika kifuani kwa mkono wa kushoto. Kwa mkono wa kulia alikoroga udongo mweupe na maji kwenye sahani ya bati. Mama Ngoie alipiga magoti mbele yake. "Kaka," Kasongo alisema, "huyu alikutunza. Alikupikia, alikufulia, alikulilia. Iko anabaki mu nyumba yako, na haiko mu mukono ya muntu. Minamuachilia." Akampaka paji la uso, kisha mkono mmoja, kisha wa pili, hadi viwiko. Wanawake wakapiga vigelegele na kumwingiza ndani, wakamvua kile kikwembe cheusi. Alipotoka amevaa cha rangi ya machungwa, hakujua afanye nini na mikono yake. Kwa miezi yote ile hakuna aliyemsalimia kwa kumshika. Sasa walipanga mstari, na kila aliyemshika mkono aliondoka na weupe kwenye kiganja chake.

Kasongo aliondoka na lori lililofuata. Dereva alimpa nafasi mbele, kwa sababu ya kaka yake, na Kasongo alipakata lile fungu kama mtu anavyopakata mtoto anayelala. Kutoka mwaka ule hadi mwezi huu tulipomzika Mama Ngoie, chumba cha nyuma hakikukaa tupu kwa muda mrefu. Nimekutana humo na wanafunzi, wagonjwa, wachuuzi wa mahindi, na bibi mmoja aliyekuja kuona treni na akakaa msimu mzima. Wengine walikuja na unga wao. Mama Ngoie alilalamika juu yao kila Jumapili, na walipochelewa kuja aliulizia sababu.

Lakini mwaka ule ninaousimulia uliishia kwangu siku chache tu baada ya lori kuondoka. Tulikuwa tumehama. Mawingu yalikuwa yameanza kukusanyika upande wa kusini, milango ilikuwa bado mapazia, na Mama Ngoie alikuwa amepiga magoti chumba cha mbele, akipaka sakafu kwa udongo laini wa mwisho wa kichuguu, akiusawazisha kwa kiganja kutoka ukutani kuja kati. Muuza makala, yaani makaa ya kupikia, alisimamisha baiskeli yake uani.

"Hodi," aliita. "Mwenye nyumba iko?"

"Iko ku kazi," Mama Ngoie alijibu bila kuinua kichwa, jinsi alivyokuwa akiwajibu wote waliobisha kule kambini kwa miaka yote ya ndoa yake.

Kiganja chake kilisimama. Alibaki vile kwa muda, amepiga magoti, akiitazama sehemu ya sakafu ambayo bado ilikuwa mbichi. Kisha akanyanyuka, akapita pembeni ili asiharibu alipopaka, akalisogeza pazia kwa kiwiko na kutoka uani, matope yamemfika hadi juu ya mikono.

"Ni mimi," alimwambia. "Shusha gunia pale."